Prakash Hali Chumvi

Al Wakrah, Ijumaa, 1 Mei 2015

Vumbi tangu alfajiri. Nimetoka kuswali, nimejilaza, usingizi hauji.

Prakash yuko kitanda cha juu, kaelekea ukutani. Ni Mnepali, tunalinda pamoja geti la jengo moja la ofisi huku ughaibuni. Mimi namwita dai, yaani kaka mkubwa kwa lugha yao. Yeye ananiita bhai, mdogo wangu.

Wakati tunaanza kuzoeana alinichorea nchi yake kwa unga juu ya meza ya jikoni. Chini tambarare ya mpunga na joto, kwa Watharu. Katikati vilima vilivyokatwa matuta, kwao. Juu kabisa theluji, Washerpa na mifugo yao yenye manyoya marefu. Mimi Msambaa wa Lushoto nikamwonyesha picha za milima yetu. Akatabasamu. "Bhai, hivi kwetu tungeviita vilima."

Lakini ugali wa ulezi wanasonga kama sisi, na wanaumega kwa mkono. Mboga yake ni majani ya haradali yaliyovundikwa hadi yakachacha, kisha yakaanikwa. Wanaiita gundruk. Mama yake alikuwa akimpa kila anayerudi huku kutoka likizo amletee mwanawe. Harufu yake ilinishinda mwanzoni. Siku hizi naidoea.

Jumamosi iliyopita ardhi ilitetemeka kwao. Simu hazikushika hadi Jumatatu, mdogo wake alipopiga. Nyumba yao ya mawe na udongo imeanguka, na mama alikuwa ndani. Walikuwa wamekwisha kuuchoma mwili wake kando ya mto, kama ilivyo dini yao.

Aliomba ruhusa ya kwenda. Msimamizi akasema Wanepali wote wakiondoka, nani atalinda? Asubiri.

Basi akaniomba nimnyoe kichwa. Akaoga, akajifunga shuka jeupe. Nikanyoosha mkono kumpa pole, akarudi nyuma. "Usiniguse sasa, bhai. Si kwa ubaya."

Ndiyo desturi ya mtoto wa kiume aliyefiwa: asiguswe na mtu, mlo mmoja kwa siku, aupike mwenyewe, bila chumvi, karibu wiki mbili.

Kazini shuka jeupe halikubaliwi. Alivaa sare, akasimama juani, akitoka jasho lenye chumvi asiyoirudisha.

Jana alianguka.

Zahanati wakampa maji ya chumvi na sukari. Akafumba mdomo. Nesi akaniangalia mimi, kana kwamba ni nduguye.

"Dai, kunywa. Utakufa."

"Sikumwashia mama moto," akasema. "Nimebakiwa na hili tu la kumfanyia."

Kisha akapoteza fahamu tena. Nesi akauliza kama amtundikie dripu. Nikasema ndiyo.

Alipozinduka akautazama ule mpira mkononi, akauliza ndani mna nini. Sikuweza kumdanganya: maji ya chumvi. Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu Jumatatu, nami nimesimama pale nisiruhusiwe hata kumshika bega.

Tangu turudi hajanisemesha.

Ningefanyaje? Angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja ningesema ndiyo vilevile. Lakini ndugu yangu angekuwa na haki ya kunikasirikia, na huyu pia anayo.

Kesho kabla ya zamu naingia ofisini kwa msimamizi kumwombea likizo. Wakenya wawili wa chumba cha pili wamesema watafuatana nami. Tukifukuzwa, tutafukuzwa pamoja.