Ubao wa Akina Bennett

Kambi ya Mashariki,
Kijito cha Bennett,
Jimbo la Kaskazini, Australia.
9 Juni 2011

Mpendwa mwanangu Kumanjayi,

Hujambo huko Adelaide? Kifua chako kimepona? Sisi hatujambo ya mdomoni tu.

Umeona nimekuita Kumanjayi, kama tunavyomwita kila mwenye jina moja na aliyefariki, kwa hiyo umeshajua. Baba yako mkubwa, uliyerithi jina lake, ametutoka wiki tatu zilizopita. Jina lenu tumeliweka kando, halitajwi. Simu niliiogopa kwa sababu wewe huipokea kwa kujitaja. Pole sana, mwanangu. Nimelia hadi sauti imekauka.

Sasa sikia balaa. Unajua hapa mto ni Bennett, barabara ni Bennett, na sisi ni Bennett kwa kuwa mzungu mwenye ng'ombe aliwaandika hivyo babu zetu. Baraza la mji likaona fahari, likasimamisha ubao wa akina Bennett mashuhuri penye kituo cha mafuta: jaji wa Uingereza, mlima wa sijui wapi, na chini kabisa marehemu wetu, mfunza farasi, pamoja na ile picha uliyowapa.

Nilimwomba karani, Bi Glenys, afunike jina la kaka yangu. Si mtu mbaya, ila kichwa chake! Alibandika karatasi juu ya Bennett, akaliacha jina la kwanza linang'aa chini ya uso wa marehemu. Kwake yeye jina ni la ukoo. Nilirudi nimefura, nikamtaka aiondoe picha pamoja na jina lake, akaniambia, "Picha ameitoa kijana wenu, mama. Bila sahihi yake siwezi kuigusa."

Wifi yangu, mjane wake, yumo msibani, haongei kama desturi yetu ya wajane, anatumia mikono. Njia ya kwenda hospitali kusafishwa damu, maana figo zake hazifanyi kazi, ni hiyo moja inayopita penye ubao. Amekataa kwenda mara mbili sasa, na miguu imevimba. Naogopa, mwanangu. Nilipomsihi alinijibu kwa vidole: "Siwezi kumpita mume wangu ananing'inia pale."

Barua hii anakuletea muuguzi anayekuja huko kwa ndege leo. Jaza fomu iliyomo ya kuruhusu picha iondolewe, uitume kwa karani kesho hiyohiyo. Isipitie kwangu, maana itakuwa na jina.

Nisalimie Raelene na watoto. Dada zako wanakupa pole. Mungu akushike mkono, maana najua utakuwa mzito. Liandike mara hii moja, kisha ulinyamazie pamoja nasi.

Shangazi yako akupendaye,
Doreen Bennett