Kichomeo cha Kaingu

Gede, 3 Machi 1986

Mwanangu Kaingu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mguu unanisumbua. Wewe na Mombasa yako hamjambo?

Karakana yako nyuma ya nyumba imeshaezekwa. Gede nzima inajua unarudi kutengeneza mafriji ya mahoteli. Asiyejua nimemwambia mimi. Ila jirani yetu Garama, mziba masufuria, haniachi: "Mama Kaingu, mwambie achukue kichomeo changu cha pampu, cha mafuta ya taa. Gesi hatari." Hatari ya nani? Huyo ana lake jambo.

Mamako, Nyevu

Mombasa, 11 Machi

Mama, shikamoo.

Sijambo. Pole kwa mguu. Cha Garama kinafaa masufuria. Mimi naunga mabomba ya shaba, yanataka moto mkali, na wa gesi naupunguza na kuuongeza nitakavyo. Nimeshanunua kichomeo cha gesi. Nakitanguliza kwa basi, na mtungi wake. Mtungi usimame wima, nje, penye upepo.

Mwanao, Kaingu

Gede, 20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Huku salama. Mzigo ulifika, stendi nzima wakakodoa macho. Lakini nje siuweki ng'o! Garama ameuliza mara mbili utakaa wapi. Nimeulaza chini ya kitanda changu, dirisha nimelifunga. Usiku nitawasha koroboi nimwone atakayeingia. Tangu adhuhuri kuna harufu ya vitunguu vilivyooza. Bila shaka Garama katupa taka dirishani, ili nifungue.

Mamako

Mombasa, 24 Machi

Mama,

Shikamoo. Harufu hiyo ni gesi inavuja! Usiwashe hata kibiriti. Toka nje, mwite Garama. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi.

Kaingu

Gede, 25 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima, usilie. Barua yako imenikuta yamekwisha. Jioni ile ile niliyokuandikia nilikuwa nimeshika kibiriti, Garama akausukuma mlango, akaninyang'anya, akauburuta mtungi hadi uwanjani. Nikapiga ukemi: "Mwizi!" Watu wakaja na marungu. Yeye akapaka povu la sabuni shingoni mwa mtungi. Likavimba mapovu pale gesi ilipovuja. Watu wote wakanigeukia mimi.

Kichomeo chako ndicho kinachofaa, mwanangu hachagui kibaya. Mtungi autunze Garama, uwani kwake. Nimempelekea kuku, kapokea kwa mikono miwili, kisha akauliza utakuja lini.

Kwa nini anataka kujua?

Mamako, Nyevu