Mama na Nyumba Iliyoanguka Managua

Kwa binamu Migdalia,
Lilipokuwa bohari la mbao,
kona tatu kuelekea ziwani, kona moja juu, mlango wa kijani,
Managua.
Jumatano, 12 Juni 1996.

Mpendwa mdogo wangu Ninoska,

Pokea salamu zangu nyingi, na za mama ambaye amekaa hapa kando yangu kwenye kiti cha kubembea, akijifanya amesinzia ili asikie ninachokuandikia, maana naandika huku nikitamka. U hali gani huko Costa Rica? Kile kikohozi kimekwisha? Na yule mama unayemfulia, bado anakupigia kelele kwa ajili ya kola za mumewe? Mwambie dada yako amesema azipige pasi mwenyewe.

Sisi wazima, yaani tunapumua. Nakuambia mapema usije ukaanza kulia kabla hujageuza karatasi: mama hajavunjika mahali, amekula, tena ameomba aongezewe maharage. Lakini hii ni karatasi ya tatu. Mbili nimezichana.

Kwanza habari ya macho. Daktari wa Jinotega alisema mtoto wa jicho amekomaa na upasuaji ni Managua tu. Kesho saa moja asubuhi wanaanza na jicho la kulia. Nilipoambiwa nimsindikize nilikubali kwa mdomo tu. Unanijua mimi na mji huu. Tangu tulipotolewa hapa juu ya lori, mwaka ule wa tetemeko, nilikuwa sijakanyaga tena. Karibu miaka ishirini na nne! Basi lilipoanza kuteremka na joto likapanda, nilishika chuma cha kiti mpaka kiganja kikanuka kutu. Mama haoni, lakini alinisikia pumzi. "Azucena," akasema, "hata ng'ombe wakipelekwa machinjioni hawapumui hivyo."

Tuliposhuka stendi ya Mayoreo leo asubuhi, nilimkalisha juu ya begi letu, karibu na mwanamke mmoja mnene anayeuza jibini. Nikamwambia, "Mama, usisogee hata unyayo, naenda kuuliza basi la kwa Migdalia."

"Nenda," akanijibu, "mimi si kuku."

Sikukaa dakika kumi. Niliporudi begi lipo, mama hayupo.

Ninoska, sijui nikuelezeje. Masikio yaliziba. Mate yalikauka mdomoni nikawa naramba meno. Nilipiga kelele, "Mama!" katikati ya stendi nzima, na wanawake ishirini wakageuka, wala hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu. Nilichungulia chini ya meza za watu. Nilifunua turubai la matikiti, mwenye matikiti akanitukana. Mama yetu haoni mkono wake mwenyewe akiunyoosha, na mimi nimemwacha kwenye mji unaomeza watu!

Yule muuza jibini akanivuta gauni. "We binti, unamtafuta bibi mwenye shali ya kijivu? Tulia basi. Amepanda teksi."

"Teksi! Haoni yule!"

"Macho hana, mdomo anao. Kampa dereva anwani yote bila kukwama, kama anasali rozari. Sinema Golondrina, kona mbili kuelekea ziwani, nusu kona chini. Mimi nikadhani ndiko kwenu."

Ndiko kwetu. Yaani ndiko kulikokuwa kwetu. Wewe ulikuwa na miaka minne, hukumbuki, lakini mimi nilikaririshwa anwani hiyo hata nikiamshwa usingizini niweze kuitaja, nisije nikapotea. Nyumba ile ilianguka usiku wa tetemeko, na sinema ikaanguka, na mtaa wote. Nikasema basi, akili ya mama imerudi nyuma. Kikongwe asiyeona, peke yake, kwenye magofu yenye visima vilivyo wazi na nondo zilizochomoza.

Niliruka kwenye teksi ya kwanza. Dereva mzee mmoja, Erasmo, masharubu mpaka kidevuni.

"Nipeleke Sinema Golondrina! Haraka!"

"Ilipokuwa Sinema Golondrina," akanisahihisha, taratibu kabisa, huku akitafuta gia.

"Pana nini pale siku hizi?"

"Hapana kitu. Majani, na watu waliojibanza. Lakini panafikika."

"Na dereva mwenzako anaweza kumshusha pale bibi kizee kipofu, akaondoka zake?"

Akanigeukia, ameshangaa kweli. "Sasa dada, asimshushe kwa nini? Si amempa anwani sahihi?"

Nilitaka kumng'ata. Kwetu Jinotega ukimwambia mtu akupeleke kwenye nyumba iliyoanguka zamani zile, atakushika mkono, akukalishe kivulini, akuletee maji, kisha amtafute padri. Hapa hakuna anayeshtuka. Nusu ya mji huu wanaishi kona kadhaa kutoka kwenye kitu ambacho hakipo: ulipokuwa mti, lilipokuwa tangi, alipokuwa akikaa daktari fulani. Mama angeweza kumtajia dereva kaburi lake mwenyewe, angeulizwa tu ni kona ngapi.

Njia nzima nilisali Salamu Maria na kuchanganya na matusi, maana Erasmo kila baada ya hatua mbili anasimama kubeba abiria. Akampakia mwanamke na bata wawili. Bata wakanikalia miguuni. Nikaanza kulia, yule mwanamke akadhani naogopa bata, akawa ananibembeleza, "Hawaumi, mpenzi, hawaumi."

Tulipofika Erasmo akazima gari. "Ndipo hapa, nusu kona chini." Mimi sikuona kona wala hiyo "chini" yao, ambayo ni upande wa machweo. Niliona majani yanayofika kiunoni, ukuta mmoja usio na dari, na vibanda vya mabati. Nikaita mama, mama, sauti inatoka kama ya mbuzi mgonjwa. Akatokea msichana wa miaka kama ishirini na mitano, mikono imejaa unga wa mahindi. Anaitwa Yamileth.

"Wewe ndiye binti yake?"

"Yuko hai?"

"Yuko hai, tena ananigombeza."

Nilitaka kumpita niingie, akanizuia kwa kiwiko. Midomo yake ilikuwa imekauka kama yangu. "Dada, niambie ukweli," akasema kwa sauti ya chini. "Mmekuja kututoa? Nina watoto watatu. Tuko hapa mwaka wa tisa." Unajua yanayoendelea, wenye viwanja wanarudi na makaratasi yao, watu wanaamka hawana pa kulala. Mama alikuwa ameingia kwake bila hodi, amevua viatu, akaanza kutaja vyumba: hapa jikoni, hapa sebuleni, hapa walilala watoto. Maskini Yamileth alikuwa akimwogopa mama kuliko nilivyokuwa nikimhofia mimi.

Ndani nilimkuta amesimama peku juu ya sakafu, viatu mkononi. Vigae ni vilevile, Ninoska, vyekundu na vya njano, baba aliviweka kwa mkono wake, Mungu amrehemu. Mama alikuwa akivipapasa kwa vidole vya miguu.

"Umechelewa," akaniambia. "Mwambie huyu binti mimi sidai kiwanja. Nataka kukaa hapa kidogo tu kabla hawajanipasua. Na maharage yake yanaungua, nasikia harufu."

"Mama, umenitia wazimu! Umepotea mji mzima!"

"Nani kapotea? Mimi nilijua niliko. Wewe ndiye uliyekuwa ukizurura."

Kumbe akili yake ni nzima kuliko yangu. Alipanga tangu nyumbani, na alijua ningemkatalia. Nilikasirika, nikafungua mdomo nimwambie maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Ndipo ardhi ikatikisika.

Vikombe viligongana kwenye misumari. Vumbi likashuka kutoka kwenye bati. Ninoska, nilikimbia. Siandiki kwamba nilishtuka. Nilikimbia, nikamwacha mama kipofu ndani, nikajikuta barabarani nimekumbatia mlango wa teksi, kiatu kimoja sina. Erasmo alikuwa anamenya chungwa. Kutoka ndani nikamsikia Yamileth, "Hiyo ndogo, dada! Hiyo hata kahawa haimwagi!" Na pa, pa, pa, anaendelea kupiga chapati zake za mahindi.

Nilirudi natembea kama mwizi. Mama alikuwa palepale. Nikapiga magoti, nikamshika miguu, nikasema, mama nisamehe, nimekuacha. Alinitafuta kichwa kwa mkono mpaka akakipata.

"Nyamaza," akasema. "Hata mimi nilikimbia."

Hapa ndipo kalamu inaponigomea. Zile karatasi mbili nilizichana hapa. Lakini mama amefumbua macho kitini na ameniambia nisifupishe.

Unajua tulikuwa na kaka, Danilo, kwa ile picha yake ya komunyo ya kwanza, na unajua kuwa nyumbani jina lake halitajwi. Uliambiwa kwamba usiku wa tetemeko baba alikuwa safarini, mama akakubeba kifuani akatoka na sisi wawili, na Danilo alikuwa amelala, hakuamka. Ndiyo maana kila Siku ya Akina Mama unamletea kadi ya kumshukuru kwa kukuzaa mara mbili. Mwezi uliopita nilimsomea ya mwaka huu. Alikwenda kukaa na kuku mpaka jua likazama, nami nikadhani ni uchovu wa macho.

Mama alitoka mikono mitupu. Anasema hajui alifikaje barabarani. Alijiona tu yupo pale na gauni la kulalia, vumbi mdomoni. Mimi nilitoka kwa sababu nilikuwa nimeng'ang'ania gauni hilo. Danilo hakuwa amelala. Danilo ndiye aliyekutoa kitandani, akaja na wewe hadi dirisha la barabarani, akakupitisha, mama akakupokea. Mama akamwambia, "Ruka!" Akajibu, "Naja." Miaka kumi na mitatu, Ninoska. Ukuta ukashuka.

Nami niliona. Nilikuwa na miaka kumi, niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza mpaka nikaja kuamini kwamba sikuona kitu. Nisamehe na mimi.

"Kila mwaka ananishukuru, na kila mwaka nameza," ndivyo mama alivyoniambia pale. "Kesho wananitia kisu jichoni. Nikifa sitaki kwenda na siri hii."

Aliomba nimpeleke lilipokuwa dirisha. Yamileth ameweka jiko lake hapohapo. Hakuuliza kitu, alifanya ishara ya msalaba, akaliinua jiko na moto wake, akalisogeza. Mama akasimama pale, akasema, "Danilo." Hakuita, alisema tu, kama mtu anavyomsalimu mtu aliyekaa mbele yake. Sijawahi kumsikia akilitamka. Kisha akasema ana njaa, tukala maharage ya Yamileth, yaliyoungua kidogo. Ameahidi kwamba macho yakipona atamwandikia karatasi kwa mkono wake, kwamba kiwanja kile hakuna wa ukoo wetu atakayekuja kukidai. Yamileth alimbusu mikono yote miwili, unga ukabaki kwenye shali.

Sasa tuko kwa Migdalia. Migdalia anakusalimu sana, na mumewe Heriberto, na shangazi Petronila, ambaye sasa hasikii ila anasema anakusikia wewe. Wasalimie wote unaoishi nao huko. Bikira Maria akufunike na joho lake, na ardhi ya huko itulie chini ya miguu yako.

Naogopa kuifunga barua hii. Naogopa kesho, naogopa kile kisu, na zaidi naogopa sura yako ukiisoma peke yako huko, hakuna wa kukushika bega. Jirani wa hapa, Evaristo, ndiye anayekuletea; anaondoka na basi la kesho na kurudi Jumapili. Ukiweza, mpe jibu, na uliandike kwa jina la mama, si langu. Bandeji wanamtoa Jumatatu. Anasema kitu cha kwanza anachotaka kusoma ni barua yako, hata kama ni ya kumtukana. Anajifanya hajali, lakini tangu tumekaa hapa ameniuliza mara tatu kama basi la Evaristo huwa linachelewa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na woga wangu wote,

Azucena