Chumvi Haikupotea, Dada

Dada yangu Skola,

Binti yako Modesta amefika salama na kapu la ulezi. Asante sana. Ila ujumbe uliomtuma nao umenikera. Eti nisikungoje kuja kufundisha, umeshasahau yote, kichwa kimebaki cha jembe tu. Haya, kama umesahau yote, barua hii anakusomea nani?

Unaikumbuka siku ile pale misheni, mwalimu alipotupatia bakuli la chumvi iliyochanganyika na mchanga, akasema tuvitenganishe? Mimi nikakimbilia ungo, nikaanza kupepeta! Sisi Wafipa tulijua dawa moja tu ya vitu vilivyochanganyika, nayo ni upepo. Darasa zima lilicheka, na wewe ulicheka kuliko wote. Kisha ukaninong'oneza, "We mdogo wangu, chumvi si ulezi. Tia maji."

Tukatia maji, tukakoroga. Mchanga ukatulia chini, kila mtu akauona. Chumvi ikatoweka, nami nikataka kulia, nikidhani tumeiharibu. Wewe ukayachuja maji kwa kitambaa chako cha kichwani, ukayateleka motoni, ukanishika mkono tungoje. Maji yalipokauka, chungu kilikuwa cheupe ndani.

"Haikupotea," ulisema. "Ilichanganyika na maji mpaka jicho likashindwa."

Mwaka ule ule ukaozwa huko Kasense. Nililia, dada, na nafasi yako kwenye benchi sikumpa mtu.

Sasa Bwana Shauri wa wilaya ametupatia chumba hapa Katandala kwa darasa la akina mama. Wamejiandikisha wengi, peke yangu siwezi. Asipopatikana mwalimu wa pili, chumba kinarudi kuwa ghala la mahindi. Nimetaja jina lako. Shemeji nimeshamwomba, naye amekubali, mradi wakati wa kupanda uwe shambani.

Jana nilikuwa napika, Modesta amekaa karibu yangu anachambua mboga. Nikatia chumvi kwenye maji, nikamchokoza, "Haya, chumvi imekwenda wapi?"

Hata kichwa hakuinua. "Imo humo humo, mama mdogo. Mama alinionyesha. Yaache maji yakauke, utaiona."

Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kumbe mwalimu wa pili yuko kazini siku zote, huko huko jikoni kwake.

Njoo Jumatatu. Chaki yako nimeshaiweka.

Ni mimi mdogo wako, mpepeta chumvi.