Taiti Moja Inatosha

Nkirote,

Ndengu zimo kwenye friji, zipashe moto. Baba yako atakupeleka kwenye onyesho lenu la kuteleza kwenye barafu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo usimwache asinzie.

Vaa taiti mpya iliyo kitini. Ni nyembamba, lakini ndani ina manyoya laini, na kiunoni haikati tumbo. Moja tu. Bila soksi.

Ndiyo, ni mimi ninayeandika hivyo. Mimi niliyekuvalisha taiti mbili na soksi za sufu asubuhi, nikaushindilia mguu kwenye kiatu cha kutelezea barafuni kama nguo kwenye sanduku la safari ya Meru. Ulipotoka mazoezini ukilia kwamba huhisi vidole, nikasema, “Tungeongeza soksi nyingine.” Mwalimu wako ndiye aliyelegeza kamba akaniambia kwa upole kwamba damu ilikuwa haipiti.

Damu! Kila siku nawaonya wagonjwa wangu wa kisukari wasivae viatu vinavyobana. Diploma yangu iko pale ukutani, usiitazame.

Kwenye gari ulisema hutateleza tena. Ukitaka kuacha, ~~acha~~ jaribu leo kwanza, vidole vikiwa na nafasi. Ukikataa bado, ~~sitasema neno~~ nitasema machache.

Zamu ikiisha nitakuja moja kwa moja. Utanitambua: zile soksi za sufu nimezivaa mimi, na tayari sihisi vidole.

Mama,
muuguzi wa miguu ya watu wengine