Mama Yuko Eksirei

3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Huku tu wazima. Bibi anakusalimu, anasema miaka inaongezeka, masikio yanapungua.

Mama, fomu za chuo zinafungwa mwisho wa Aprili. Nataka kusomea eksirei kama wewe. Mwalimu anasema ajira ni tele, binamu anasema mionzi inaua, na kwenye simu kila mtu bingwa. Nimwamini nani kama si wewe, uliye ndani ya kazi hiyo huko mbali miaka sita? Siku yako inaanzaje? Masomo gani yanatakiwa?

Mwanao, kitindamimba

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinanitia hofu. Unaumwa, au nimekuudhi?

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi, wala hukuniudhi. Barua hii nimeianza mara tatu.

Mimi si mpiga picha za eksirei. Napiga deki ukumbi wake, na wazee wanaosubiri nawashika mkono. Niliandika “niko eksirei,” bibi yako akatangaza mtaa mzima, nami nikanyamaza. Nisamehe.

Lakini sikutaka uchague maisha kwa uongo wangu. Nikamwendea mpiga picha mwenyewe. “Kaa, mama,” akasema. Akanieleza: fizikia na biolojia ni lazima. Mionzi haimdhuru anayefuata taratibu. Kila mmoja huvaa kipimo cha mionzi kifuani. Kinachomaliza watu ni mgongo, kwa kugeuza wagonjwa. Kisha akasema: “Asiniamini mimi peke yangu. Aombe kukaa siku nzima hospitali ya huko. Ahakikishe chuo kimesajiliwa. Na awatafute waliomaliza juzi, awaulize kama wamepata kazi.”

Mama yako

19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilikasirika siku mbili. Bibi alinuna moja tu, kisha akasema, “Kumshika mkono mgonjwa, nayo si kazi?”

Nilikwenda hospitali. Chumba cha eksirei ni baridi, mlango wake mzito. Mpiga picha akaniuliza, “Hapa unapenda nini hasa?” Nikalia mbele ya wagonjwa. Mama, sikuwa naitaka eksirei. Nilitaka kazi itakayonifikisha huko, nifungue mlango nikukute. Hakuna chuo kinachofundisha hilo.

Wakati wa kutoka nikapita karakana ya miguu bandia. Fundi alikuwa akisugua mguu wa mtoto, anaupapasa kwa kidole, anasugua tena. Nilisimama mpaka wakafunga. Kesho yake nikarudi na maswali. Wahitimu wawili wa fani hiyo nimewapata: mmoja ameajiriwa, mwenzake bado anahangaika. Chuo kimesajiliwa. Nimejaza fomu za kusomea miguu bandia, macho wazi.

Sasa usiniandikie habari za kazi. Niandikie ukichoka unakaa wapi, na ukipiga deki unaimba nini. Sauti yako bado ninayo, mama. Sura ndiyo inaanza kunipotea.

Mwanao, kitindamimba