Mkate Kwenye Boriti

Kaka yangu Yakku,

Pokea salamu zangu huko kambini jeshini, wewe na wenzako wote. Natumaini lile goti halikusumbui tena. Sisi tupo. Theluji imeyeyuka, tope limejaa hadi mlangoni, na ng'ombe amezaa dume. Barua yako ya kwamba mnaruhusiwa kurudi mwezi huu imefika. Nilidhani mama ataruka kwa furaha, lakini aligeukia ukutani.

Unaukumbuka mkate ulioung'ata siku ya kuondoka, kabla hujatoka kinyumenyume kama desturi yetu? Mama aliufunga kwenye taulo lake la tarizi, akautundika kwenye boriti ukungojee urudi uumalize. Basi mjomba Hveder kaula! Ptuu! Sikukuu ya kuaga baridi alitaka cha kushushia pombe yake, akapanda benchi, akafungua taulo. Nilimkuta na kitunguu mkononi, makombo yamemjaa ndevuni. Nikamuuliza kama hana haya. Akanijibu mkate ni mkate tu, hata panya wangeula. Mpaka leo nikimsikia anatafuna, naondoka mezani.

Kesho yake taulo lilikuwa limetundikwa tena, limejaa. Nikajua ni yeye, kaweka mwingine kumdanganya mama. Nikameza hasira ili mama asijue. Na huyo mzee bila aibu kila mgeni akija anaonyesha boriti, eti analinda uhai wa mpwa wake. Mwanamume mzima!

Tangu barua yako ifike mama hali chakula, na muuguzi akija anamfukuza. Jana nilichoka na uongo, nikalishusha lile taulo nilitupe. Mkate umeota ukungu wa kijani, unanuka. Lakini alama ya meno ina pengo katikati. Mjomba ana meno kama farasi. Wewe pia huna pengo. Humu ndani mwenye pengo la mbele ni mama peke yake.

Nilipomuuliza, alisema aliliona taulo tupu usiku uleule, akaoka, akaung'ata yeye. Alisema kama njia inadai uhai wa mtu kwa kuwa mkate wako umeliwa, imchukue mwenye meno hayo, si wewe. Sasa wewe unarudi salama, naye anasema zamu yake imefika.

Kaka, nimekinai. Namchukia mjomba, naichukia boriti, na najichukia mwenyewe kwa kuwa naogopa kuutupa mkate huo.

Kwa hiyo usipitie kwa marafiki mjini. Njoo moja kwa moja, hata viatu usivue. Aliyeung'ata ndiye wa kuumaliza, sivyo? Nitauloweka kwenye maziwa. Umlishe mama wewe, mimi ananikatalia. Akishindwa kutafuna, mtafunie, ukungu na vyote, umwambie naye amerudi nyumbani.

Jirani Ukahvi anakusalimu sana. Mjomba pia anakusalimu, ila usimwitikie.

Mdogo wako akungojaye,
Lisuk